Ongeza Sita kwa Kila Mmoja

Sene 24

Umeme umekatika tangu asubuhi, mvua inapiga bati hadi hatusikiani, na ndiyo maana naandika kwa kalamu. Nilikuwa nimesahau kwamba mwandiko wangu ni mbaya kiasi hiki.

Leo Eskinder amenikabidhi kazi asiyokuwa na ubavu wa kuifanya mwenyewe. Ametuletea mfanyakazi mpya, na mfanyakazi huyo ni mwalimu wake wa hesabu wa zamani, Gashe Lulseged, "Gashe" kwa heshima ya umri wake. Mzee amestaafu, akasoma kompyuta chuo fulani cha jioni, akapata cheti, akaja kumwona mwanafunzi wake mwenye ofisi ya programu za kompyuta. Mwanafunzi angesema nini? Gashe alipoingia, Eskinder, bosi wetu, mtu mzima mwenye kitambi, aliruka kutoka kitini akasimama wima mpaka mzee alipoketi. Fethiya, anayetuchorea kurasa za skrini, aliinamisha kichwa kwenye meza yake ili asionekane anacheka.

Baadaye Eskinder akanivuta ngazini. Mzee yuko kwenye majaribio hadi Mwaka Mpya wetu, ambao huja mvua zikiisha. Siku hiyo nimwambie Eskinder kama anatufaa, na kama hafai, mimi ndiye nimwambie mzee aende zake.

"Kwa nini mimi? Bosi ni wewe."

"Meklit, yule ndiye aliyenifundisha kugawanya. Nikimtazama naona ubao na fimbo. Siwezi."

Basi nimekuwa mpimaji wa mtu aliyemzidi baba yangu umri. Asante sana, Eskinder.

Sene 26

Mvua. Gashe akimaliza kuandika mstari hupuliza vidole, kana kwamba kibodi ina vumbi la chaki.

Hamle 3

Kazi yetu kubwa ya msimu huu ni ya hospitali moja ya macho. Mwishoni mwa mwezi ujao, Nehase, watakuja madaktari wageni kwa wiki moja kuwapasua wazee wenye mtoto wa jicho, bila malipo. Kila mgonjwa apelekewe ujumbe kwenye simu kumwambia siku na saa yake. Atakayekosa atasubiri hadi mwakani, na kwa wengi wao mwakani ni mbali.

Hospitali inaandika saa kama tunavyozihesabu sote, kuanzia alfajiri. Mashine inazihesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo kila saa kwenye safu ile ndefu ya wagonjwa lazima iongezwe sita kabla mashine haijaielewa. Kwangu ni mstari mmoja tu: shika safu nzima, pita kwa kila kilichomo, ongeza sita, nirudishie safu mpya yenye urefu ule ule. Nilimpa Gashe kipande cha majaribio, saa chache za mfano, ajifunzie.

Aliandika siku nzima. Nilipofungua kazi yake jioni nilishika kichwa. Ameandika: ya kwanza, ongeza sita. Ya pili, ongeza sita. Ya tatu, ongeza sita. Imeshuka hivyo skrini mbili, na katikati ameruka mmoja na mwingine amemwongeza mara mbili.

Ningemwambia. Nilikwenda kabisa mpaka kwenye meza yake. Akainua uso, akasema, "Ndiyo, mwanangu?" na nikajikuta nimesema, "Kazi nzuri, Gashe." Alipoondoka nikafuta yote nikaandika mstari wangu mmoja.

Hamle 4

Fethiya naye amekiri kwamba hurekebisha kurasa za Gashe akiwa amekwenda kunywa kahawa. Eskinder pia, akiwa nyumbani. Tumekuwa wezi watatu tunaoiba makosa ya mtu.

Hamle 9

Leo Gashe ametazama matokeo ya kazi ya jana, ambayo ni yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Naona nimeanza kushika," akaniambia.

Hamle 15

Mvua. Maji yameingia kwenye kisanduku cha intaneti. Hakuna kazi.

Hamle 22

Nimemkasirikia leo, nakiri. Aliniuliza swali lile lile mara ya nne: safu ikishapitiwa, ile ya zamani huenda wapi? Nikamjibu, naye akaandika jibu kwenye karatasi kwa mwandiko wa ubaoni, kisha akafanya kinyume chake. Nilikaa hadi giza likaingia nikisafisha kazi yake. Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba Mwaka Mpya ukifika nitamwambia Eskinder hafai, na nitalala usingizi mzuri. Mama akaniuliza kama mzee mwenyewe ameshaambiwa kosa hata moja. Nikamwambia yeye hajui mambo ya ofisi.

Nehase 2

Saumu ya Filseta, ambayo sisi Wakristo hatuli nyama wala maziwa, imeanza, kwa hiyo mimi, Eskinder na Gashe tumeingia kwenye dengu na mboga. Fethiya hafungi pamoja nasi lakini amekula sahani moja na sisi mgahawani, amesema shiro ya mama mwenye mgahawa, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, inamtosha.

Gashe akakata kipande cha injera, mkate wetu laini kama chapati, akakisokota na shiro, akanilisha. Kisha Fethiya. Kisha Eskinder, aliyefumba macho na kupanua kinywa kama mtoto wa darasa la pili. Na kwa kuwa kwa adabu zetu kulisha mtu tonge moja ni uchoyo, akazunguka tena. Fethiya alikataa, akalazimishwa, akakubali, kama inavyotakiwa. Ghafla mzee akasimamisha mkono hewani, shiro ikimdondokea kiganjani.

"Meklit, mwanangu. Huu ndio ule mstari wako."

"Upi, Gashe?"

"Mkono mmoja, tonge la aina moja, kila kinywa. Sikuandika 'mlishe Meklit, mlishe Fethiya.' Nimesema 'lisha', nikazunguka. Waliokaa ni wale wale, hakuna aliyerukwa, ila sasa kila mmoja ana tonge."

Nikamwambia ndivyo hasa. Akacheka mpaka akakohoa. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea, na mchana wote nilikuwa nikimtazama kwa jicho jingine. Lakini alasiri aliketi kuandika na nikaona amerudia tena ya kwanza, ya pili, ya tatu. Au ndivyo nilivyodhani. Sikutazama hadi mwisho, nilikuwa nimeshazoea.

Nehase 9

Tulitoka pamoja, mwavuli mmoja. Kutoka ofisini hadi kituoni ni mwendo wa dakika chache, na tulitumia karibu saa nzima, maana kila hatua kuna mwanafunzi wake wa zamani. Mwenye duka la viatu. Askari wa benki. Mwanamke mwenye gari zuri aliyeshusha kioo na kuinama akiwa ameketi. Gashe anawajibu wote kikamilifu: hujambo, umeshindaje, watoto hawajambo, mama hajambo, Mungu ashukuriwe. Mimi nilikuwa nimelowa upande mmoja.

Nilimuuliza kwa nini hakai nyumbani apumzike. Akafikiri kidogo.

"Wote hawa wananisalimia kwa yale niliyokuwa," akasema. "Nilitaka mahali ambapo sijui kitu, watu waniambie sijui."

Nilijionea haya hadi kituoni.

Nehase 10

Leo pia nimesafisha kazi yake. Nimeshindwa kuacha.

Nehase 16

Saumu imeisha. Eskinder amekula nyama mpaka akalala mezani.

Nehase 20

Sijui nianzie wapi.

Kesho wapasuaji wanaanza. Leo asubuhi safu kamili ya wagonjwa wote wa wiki ilipaswa kuongezwa sita, kisha mashine itume ujumbe saa sita mchana. Eskinder, bila kunishauri, akampa Gashe kazi hiyo mbele ya wote, kwa sababu mzee alimwomba. Hawa si mfano wa majaribio, ni wazee wanaoona ukungu.

Basi nikafanya nilivyozoea. Gashe akiwa bado anaandika, nikaingia kwenye safu ile kutoka mashine yangu, nikapitisha mstari wangu, nikahifadhi. Nikajisemea: akikosea, kosa litabaki kwenye nakala yake, mimi nitakuwa nimeshaweka sawa. Kisha umeme ukakatika, nikashuka kuwasha jenereta, nikabishana na mlinzi kuhusu mafuta, na niliporudi Gashe alikuwa amemaliza na ujumbe umekwenda. Kila mtu alikuwa anampongeza. Nami nikampongeza.

Saa nane na nusu Sista Alganesh wa hospitali akapiga simu. Ni mwanamke mpole, lakini leo hakusalimu, na hilo peke yake liliniogopesha.

"Meklit, nina mzee hapa kwenye simu nyingine. Anauliza kama madaktari wageni wanapasua macho kwa tochi. Mmemwambia aje saa mbili usiku."

Nikafungua safu. Wa saa tatu asubuhi ameambiwa saa tisa alasiri. Wa saa nane mchana ameambiwa saa mbili usiku. Wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wamesogezwa saa sita mbele. Wa asubuhi wangefika daktari akiwa anavua glavu.

Eskinder akaja mbio. Akatazama skrini, akatazama dari, akauliza nani aligusa mwisho, na alipouliza alikuwa akijua, kwa hiyo aliuliza kwa sauti ndogo sana. Gashe Lulseged akasimama. Alisimama kama wanafunzi wake wanavyomsimamia yeye.

"Ni mimi. Nimepitia kazi yangu mara tatu, sioni kosa. Lakini aliyegusa mwisho ni mimi, kwa hiyo kosa liko kwangu. Nifukuze, Eskinder, usiogope."

Nikaenda kwenye skrini yake. Mstari mmoja. Shika safu, pita kwa kila kilichomo, ongeza sita. Nadhifu kuliko wangu. Huenda ameandika hivyo tangu siku ile ya shiro, nami nimekuwa nikiufuta mstari wake na kuweka wangu bila kusoma.

Hapo ningeweza kunyamaza. Msimu mzima nilitaka sababu ya kumwambia Eskinder mzee hafai, na sasa sababu ilikuwa imesimama mbele yangu, ikibeba kosa langu. Lakini nilimtazama akiwa amesimama na nikaona siwezi kuishi na hilo.

"Kazi ya Gashe ni sahihi," nikasema. "Nilikuwa nimeshaongeza sita kabla yake. Yeye akaongeza juu ya zangu."

"Tumezunguka mara mbili," Gashe akasema taratibu, akifikiri. Kisha akanigeukia. "Lakini kwa nini, mwanangu? Kazi ilikuwa yangu."

Fethiya alitazama viatu vyake. Eskinder alitazama dirisha. Ikabidi niseme.

"Kwa sababu nafanya hivyo kila siku, Gashe. Sote tunafanya. Ukiondoka tunarekebisha kazi yako, asubuhi tunakusifu."

Aliketi taratibu sana, akashika ukingo wa meza. Afadhali angenifokea.

Hatukuwa na nafasi ya kuombana radhi. Kwenye mashine, kupunguza sita kwa kila mmoja kulichukua muda wa kupiga chafya. Lakini ujumbe ukishafika kwenye simu ya mtu haurudishwi kwa mstari, na ujumbe wa pili unaopinga wa kwanza nani atauamini? Ilibidi kila mgonjwa apigiwe. Eskinder akagawa majina kwa wanne na tukaanza.

Mimi nilikwenda haraka. "Ni ofisi ya ujumbe wa hospitali, saa yako imebadilika, njoo saa tatu asubuhi." Wa kwanza akakata simu. Wa pili akaniambia matapeli wa siku hizi hawana hata aibu ya kuwasumbua vipofu. Wa tatu akamwita mwanawe anitukane, na mwanawe alijua kazi yake. Nusu saa nzima hakuna aliyeniamini hata mmoja, machozi yakaanza kunilenga.

Kutoka meza ya pili nikamsikia Gashe. Sauti yake ilikuwa imara kabisa, kama mtu ambaye hakuvunjwa moyo muda mfupi uliopita. "Umeshindaje, mama? Mvua za huko vipi? Teff shambani imeota? Ng'ombe? Na yule anayekuongoza njiani, ni mjukuu? Mungu amkuze. Mimi naitwa Lulseged, nilikuwa mwalimu. Nimekupigia kukuomba radhi. Tulikuandikia saa mbaya." Na upande wa pili, kila mara, mtu alimwamini. Walimbariki. Mmoja alimwombea macho yake yeye.

Nikajifunza hapo hapo. Nikawasalimu ipasavyo, mvua, mifugo, wajukuu, na simu zikaacha kukatwa. Ilichukua muda mrefu, kila mtu salamu zake zote, hakuna wa kurukwa. Eskinder alipoteza sauti. Fethiya aliongea Kioromo na wazee wa Holeta mpaka wakampa mchumba.

Katikati ya yote Gashe aliweka simu chini baada ya mazungumzo marefu na bibi mmoja wa Debre Birhan, akiwa anatabasamu kidogo, nami nikagundua kwamba katika salamu zote zile hakumtajia saa. Nikafungua kinywa. Nikakifunga. Kisha nikapiga simu mwenyewe kimyakimya kwa yule bibi, na simu yake ilikuwa imezimwa. Hata leo, hata baada ya yote, nilimficha.

Tulimaliza giza likiwa limeingia. Gashe akavaa koti, akachukua mwavuli, akatoka. Hakuaga. Mtu ambaye humuaga hata mlinzi kwa maneno kumi.

Nehase 21

Wagonjwa wote wa leo wamefika kwa saa zao, hata bibi wa Debre Birhan. Sista Alganesh anasema alikuwa getini tangu alfajiri. Bibi alimwambia kwamba mwanaume mwenye adabu vile hawezi kupiga simu bure, kwa hiyo aliona bora aje mapema angojee.

Gashe hakuja kazini.

Nehase 22

Hakuja.

Nehase 23

Hakuja. Eskinder anasema tumpe muda. Anasema hivyo kwa sababu anaogopa kwenda. Mimi pia naogopa. Mvua.

Nehase 27

Nilikwenda nyumbani kwake nikiwa na kilo ya kahawa. Mlango ulifunguliwa na binti yake, akanikaribisha, akanikalisha, akakaanga kahawa, tukanywa vikombe vyote vitatu vya desturi. Gashe alikuwa chumba cha pili, nilisikia akikohoa, na hakutoka. Binti yake hakunilaumu kwa neno hata moja. Aliniambia tu kwamba baba yake anataka kujua ni mara ngapi tumemrekebishia kazi. Nikasema sijui. Akasema jibu hilo ndilo litakalomuuma zaidi.

Nampenda yule mzee. Naandika hapa kwa kuwa sijui nimwambie nani. Tulidhani tunamheshimu, kumbe tulimfungia nje, tukawa tunamlisha sifa dirishani.

Pagume 2

Mwezi mdogo wa siku tano umeingia, mwaka unaisha. Watoto wa mtaa wetu walikuwa uchi barabarani wakioga mvua ya Pagume, ambayo kwetu ni mvua ya baraka, na kupiga kelele, na katikati yao nikamwona mtu mzima anakuja bila mwavuli, amelowa chapachapa, anatembea polepole kwa makusudi. Gashe.

Akapanda ngazi, maji yakimchuruzika. Eskinder akaruka kusimama. Gashe akamwambia kaa, mara ya kwanza kumsikia akimwambia hivyo kama amri, na Eskinder akakaa.

Kisha akaja kwangu. "Nimekaa nyumbani nikikasirika mpaka nimechoka," akasema. "Darasani kwangu mtoto akikosea nilimwita ubaoni, sikumfanyia hesabu usiku. Sasa nionyeshe makosa yote. Kuanzia la kwanza."

"Ni mengi, Gashe."

"Ndiyo. Moja moja."

Nikamletea taulo la mikono la jikoni na kiti. Tulianza na ile kazi ya Hamle, skrini mbili za ongeza sita, maana mashine hutunza hata tulichofuta. Alipomwona yule aliyemruka alifumba macho. Alipoona yule aliyemwongeza mara mbili aliguna. Tulipofika kosa la kumi hivi akaanza kucheka, akamwita Fethiya aje kuona. Mengine yalimuuma, niliona. Nilimwambia yote, hata simu ya bibi wa Debre Birhan.

Pagume 4

Tunaendelea. Kuna mawili aliyokuwa sahihi na mimi ndiye niliyeharibu. Amenionyesha bila kusita.

Pagume 5

Kesho Mwaka Mpya. Ofisi ilifungwa mchana, lakini kabla ya kufunga Gashe alikuwa akimalizia kazi ndogo ya Sista Alganesh: kuwapelekea waliopasuliwa tarehe za kurudi kuangaliwa, siku thelathini baada ya kila tarehe ya upasuaji. Eskinder akaja akasimama karibu na meza yangu, akijifanya anatafuta kalamu. Akaninong'oneza kwamba siku imefika, niseme, anafaa au hafai.

Nilikuwa natazama skrini ya mzee. Kwetu mwezi una siku thelathini, ila huu mdogo wa mwisho, na mstari wake ulihesabu kana kwamba Pagume haupo. Wote waliopasuliwa mwishoni mwa Nehase walikuwa wanapewa tarehe ya mwaka mpya iliyochelewa siku tano.

"Gashe," nikasema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote. "Hapa umekosea."

Eskinder aliangusha kalamu. Fethiya aliacha kutafuna. Gashe Lulseged alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Wapi?" akauliza, akasogeza kiti chake pembeni nipate kukaa.

Nikavuta kiti. Nikamwambia Eskinder bila kugeuka kwamba mzee anabaki, na atuletee kahawa.